Mkono Uliobaki Pichani

Nyama ya mbuzi siili. Watu hudhani ni mambo ya dini, wengine hudhani najidai, na mimi nawaacha wadhani wanavyotaka. Juzi kwenye matanga ya Baba walichinja mbuzi, na mafuta yalipoanza kudondokea makaa, ule mnuko ukaingia hadi chumba tulichokaa wafiwa. Nilitoka mbio nimeziba pua kwa ncha ya kitenge, binti wa marehemu mzima, mbele ya wageni. Wakasema uchungu umenizidi. Wapi! Uchungu ninao, lakini kilichonitoa mle ndani ni kinyaa, na kinyaa hicho nakijua kilikoanzia. Kilianza siku ile tulipompeleka mdogo wangu Yona kupigwa picha kando ya ziwa.

Ninyi mliokulia mjini Baraka miaka ya vita mnaikumbuka Bonana yetu. Hata kama jana watu walilala porini, siku ya mwaka mpya mtoto atavaa nguo mpya, atapakwa mafuta mpaka ang'ae, kisha familia nzima itateremka ufukweni kupiga picha. Ilikuwa lazima. Ila mwaka ule Mama alikuwa na sababu yake nyingine, nzito kuliko sikukuu.

Baba alikuwa ng'ambo. Alivuka kwenda kambini upande wa Kigoma, kwa kuwa wanaume walikuwa wakikamatwa kubeba mizigo ya askari. Alipoondoka, mimba ya Mama ilikuwa changa, hata majirani hawajaiona. Yona akazaliwa, akakaa, akatambaa, akasimama, Baba hajamtia machoni. Kisha maneno yakavuka ziwa kutufuata. Mchuuzi mmoja wa dagaa, ndagala kwetu, aliyekuwa akipita na boti za Kazimia, alikuja kwetu akakalia kigoda, akanywa maji kikombe kizima, ndipo akasema alichotumwa. Shangazi, dada yake Baba, alikuwa naye kule kambini, na alikuwa akiwaambia watu kwamba mtoto wa Mama ni wa askari.

"Banasema ule mutoto njo ya basoda," mchuuzi akasema, macho yako chini. "Bwana yako hakusema kitu, Mama Riziki. Anauliza tu, mutoto anafanana na nani?"

Mama alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo. Hakulia, hakutukana. Alichambua majani mpaka yakaisha kwenye ungo.

"Umuambie nitamutumia foto," akasema. "Ataona masikio yake mwenyewe."

Maana Yona alikuwa na masikio ya Baba. Mapana, yametoka nje, na huku juu yamekunjika kidogo, ukiyaona huhitaji kuuliza. Mimi sikuyapata, nilipata ya Mama, madogo yamelala. Basi picha ilitakiwa ioneshe masikio hayo, yote mawili, mtoto ametazama mbele. Ni hilo tu Mama alilotaka, na katika hilo kulikuwa na ndoa yake.

Tulikwenda wanne: Mama, mimi, Yona, na Koko, bibi yetu mzaa Mama. Koko alikuwa amemfumia mjukuu wake kofia ya sufu ya manjano, na wakagombania kofia hiyo njia nzima.

"Mutoto atashikwa na baridi."

"Baridi gani na hii jua, Mama? Kofia inafunika masikio."

"Mi nilifuma kofia ju ya Bonana."

"Foto bila masikio itanisaidia nini mimi?"

Kila Mama alipogeuka, Koko alimrudishia mtoto kofia kichwani.

Mnajua ufukwe wetu unavyonuka. Wanawake wameanika ndagala juu ya mchanga toka walipo mpaka mwisho wa macho, nzi wameketi juu, na pale wanapopasulia samaki wakubwa maji yana magamba na matumbo yanayoelea. Mimi nilikuwa mtoto wa kinyaa tangu kuzaliwa. Koko alizoea kusema kwamba hata ziwa nilitaka lioshwe kwanza ndipo nioge. Siku ile nilitembea kwa ncha za vidole, nimevaa soksi nyeupe, nimekunja uso.

Mpiga picha wetu watu walimwita Mapicha. Alikuwa na kiti kimoja cha plastiki, amekifunika kitambaa cha maua, na mashine yake inaning'inia shingoni. Kabla ya kupiga alikilamba kioo chake kwa ulimi, kabisa, akakifuta kwa shati lenye jasho. Nikaona hilo nikasema moyoni, Baba ataona mate.

Hapa lazima niwaeleze ujinga wangu. Niliamini kwamba picha inachukua kila kitu kilichoko mbele yake, na harufu pia. Picha ya arusi ya Baba na Mama ilikaa ndani ya sanduku, katikati ya nguo, pamoja na vipande vya sabuni. Ukiitoa, inanukia sabuni. Basi mimi nikajua siku ya arusi yao watu wote walinukia sabuni, na harufu imeganda mle. Kwa hiyo pale ufukweni nilikuwa na wasiwasi mkubwa kuliko wa Mama: picha yetu itafika kwa Baba inanuka ndagala.

"Mama Riziki," Mapicha akasema, "filimu iko karibu kwisha. Foto zimebakia kidogo tu, kisha natuma Uvira kusafisha. Mukitikisa mutoto, shauri yenu."

Wakamkalisha Yona kwenye kiti. Kiatu kipya kikubwa kimeshindiliwa vitambaa, shati jeupe, kaptura ya bluu. Mapicha akainama, akafumba jicho. Yona akateleza chini, akakimbia. Kiti kikapigwa picha peke yake, na maua yake. Tulipomfikia alikuwa ameshajaza ndagala mbichi mdomoni, nusu samaki nusu mchanga, na nzi mmoja naona aliingia humo humo. Mama akamwingiza kidole, akachokora ule uji wa kijivu, akaukung'utia kando ya soksi zangu. Nilitaka kufa.

Mara ya pili Mama alimpakata. Mtoto akadhani ameletwa kunyonya, akageuza uso kifuani; ikatoka shingo. Mara ya tatu alisimama wima, amependeza, kofia imetolewa, na Koko akapiga makofi kwa furaha. Kumbe mwenzetu alisimama wima kwa sababu anajisaidia. Harufu ikapanda. Ile kaptura ya bluu ikabadilika rangi mpaka gotini.

"Aa, Yona!" Mama akasema. "Leo tu. Ningekuomba leo tu."

Alimwogesha pale pale, kwenye maji ya magamba, akamrudisha na shati peke yake. Akatema mate kwenye ncha ya kitenge, akamfuta makamasi. "Piga ya huku juu," akamwambia Mapicha. "Chini achana nayo."

Yona sasa alikuwa analia, amechoka na sisi wote. Hakutaka kiti, hakutaka Mama, hakutaka Koko. Alitazama huku mara kule, kote isipokuwa kwenye mashine. Na filimu inaisha. Ndipo wakaanza kumwita.

"Yona! Yona weh! Angaliya ndege!" Koko anaimba na kuchezesha mabega.

"Yona! Huku, huku!" Mapicha anapiga mluzi. "Yona!"

Chini ya kibanda cha boti, hatua chache kutoka pale, askari walikuwa wanachoma mbuzi. Tulijua wapo. Unafanya kama huwaoni, ndivyo tulivyoishi. Basi mmoja akainuka huku anatafuna.

"Nani anaita mimi?"

Alikuwa kamanda wao. Nilimjua, na ninyi mngekuwa mimi mngemjua, kwa sababu ndiye aliyesimama mlangoni kwetu miezi ya nyuma akamwonesha kidole Mjomba, mdogo wake Mama, aje abebe masanduku ya risasi kupandisha milimani, Fizi. Wengine waliobebeshwa siku ile walirudi na vidonda mabegani. Mjomba hakurudi.

"Hapana, Kamanda," Mapicha akasema haraka. "Tunaita mutoto."

"Mutoto anaitwa Yona?"

Yona mwenyewe aliposikia jina lake aligeuka, akamtazama yule mtu, kilio kikakatika.

"Majina yangu!" Kamanda akacheka, akafungua mikono. "Eh! Majina yangu njo huyu! Leta ye."

Kwetu mtu mnayeitana jina moja ni majina yako. Humwiti kwa jina, unamwita majina, na akiwa mtoto ni haki yako kumbeba na kumpa kitu cha kula. Mama akimnyima mtu majina yake, amemwambia usoni kwamba anamdhania mchawi, na familia zimegombana hadi kwenye makaburi kwa jambo hilo. Mtu wa kawaida ukimkatalia anakununia. Huyu alikuwa na bunduki mgongoni. Hata hivyo nasema, na nitasema daima, kwamba kilichoilegeza mikono ya Mama kwanza hakikuwa bunduki. Ilikuwa adabu. Adabu yetu ilimkabidhi Yona.

Alimbeba kwa mkono mmoja, ameuzungusha tumboni. Mkono huo ningeweza kuuchora sasa hivi. Ulikuwa unang'aa mafuta ya mbuzi hadi kwenye kifundo, masizi yameingia kwenye mikunjo ya vidole, na kidole kidogo kilikuwa na ukucha mrefu wa manjano ambao, tulipokuwa tunahangaika na Yona, nilimwona akichokolea meno. Ukucha huo ulikuwa juu ya shati jeupe. Mafuta yakapenya, likaota doa, doa likakua. Kisha akafanya kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka mate yananijaa. Alichukua kipande cha nyama kutoka mdomoni mwake, alichokwisha kukitafuna, akamtia mdogo wangu kinywani.

Yona, aliyemkataa Mama, aliyemkataa Koko, alifungua mdomo. Akameza. Akacheka. Akatazama mbele moja kwa moja, masikio yake yote mawili yamesimama, akicheka na meno yake machache, mzuri jamani, mzuri hujapata kuona.

Mapicha akabonyeza.

"Imekwisha," akasema.

"Aksanti, Kamanda," Mama akasema, akanyosha mikono. Kamanda akampa mtoto, akajifutia kiganja kwenye nywele za Yona, akarudi kwenye mbuzi wake.

Tulipofika uani Mama alikaa chini, akamlaza Yona kwenye mapaja, akamtia kidole kooni. Koko akapiga kelele.

"Unaua mutoto!"

"Atapike."

"Acha ye, we!"

"Atapike, Mama! Haitakaa ndani yake!"

Nyama ikatoka, pamoja na ndagala na maziwa. Niliiona. Ilikuwa bado ina alama za meno. Nyama ya mbuzi niliiacha siku hiyo, na sijui kama naweza kuieleza zaidi ya hapo.

Picha ziliporudi kutoka Uvira, Mama alizipanga kitandani. Kiti na maua. Shingo ya mtoto. Ukungu mweupe ambao Mapicha aliapa ni Yona. Halafu hiyo moja, safi, imejaa rangi: Yona anacheka, masikio ya Baba kulia na kushoto, na nyuma yake lile lijitu limejipanua na bunduki yake. Picha ya kumthibitishia mume kwamba mtoto si wa askari, na mtoto amebebwa na askari, amefurahi.

Mama akachukua wembe. Akakata kichwa cha yule mtu, akakata kifua, akakata bunduki. Alikata taratibu kama anayekata kucha za mtoto mchanga. Lakini mkono haukukatika. Ulikuwa umepita tumboni kwa Yona, ukiutoa unamtoa na yeye. Ukabaki, na kipande cha mkono wa gwanda pembeni, kijani, upana wa kidole.

"Iache," Koko akasema. "Sema njo mukono ya muyomba wake."

Mama akaweka wembe chini. "Mama. Mukono ile njo ilimupeleka."

"Minajua. Mi njo nilizaa ye. Lakini we unataka bwana ao hautaki?"

Kesho yake nilisubiri Mama atoke, nikaichukua picha nikainusa. Naapa ilinuka mbuzi. Nikaiweka ndani ya sanduku, kwenye sabuni, nikakandamiza nguo juu yake ili ipate harufu nyingine.

Haikupata nafasi ya kutumwa. Mapigano yalishuka hadi Baraka, tukakimbilia Ubwari na vitu vya kubeba kichwani, picha iko ndani ya kitenge cha Mama. Huko surua iliwapata watoto wengi, na Yona akiwemo. Tulimzika karibu na maji. Sitaki kuandika zaidi juu ya hilo. Koko alikataa kuvuka, akasema atakaa na mjukuu wake asiwe peke yake, akabaki ameshika ile kofia ya manjano. Mama na mimi tukapanda boti.

Kambini Shangazi ndiye aliyetuona kwanza. Hakutazama nyuso zetu, alitazama mgongo wa Mama, mahali mtoto anapokaa.

"Mutoto iko wapi?"

Mama akatikisa kichwa. Watu walikuwa wameshaanza kukusanyika mbele ya hema, mnajua kambi, na Baba akatoka amekonda, suruali ameifunga kwa kamba. Mama alifungua kitenge, akatoa picha, akampa.

Baba akaigeuzia kwenye mwanga. Akaitazama muda mrefu, na mimi namtazama pua. Nilikuwa na hakika: sasa hivi mnuko utamfikia, ataitupa, na yote yatajulikana.

"Masikio yangu," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Kisha akairudia kwa nguvu, kila mtu asikie. "Angalieni! Masikio yangu haya!"

Shangazi akachungulia begani kwake. "Na huyu alimubeba ni nani?"

Mama akafungua mdomo. Neno la Koko halikutoka.

"Unauliza?" Baba akasema. "Njo mukono ya shemeji yangu. We hauone? Shemeji yangu anabeba mutoto wangu." Akainua picha mpaka mdomoni, akambusu Yona usoni, halafu, mbele ya dada yake, akaubusu ule mkono. Akabakiza midomo yake pale, juu ya ukucha.

Nilimchukia wakati ule, Baba yangu niliyemngoja miaka. Nilijisemea, hana pua huyu?

Ila baadaye nilimfuata nyuma ya hema. Alikuwa amechutama, ana kikombe cha maji. Akasukutua, akatema. Akasukutua tena, akatema, akajifuta midomo kwa nyuma ya kiganja kwa nguvu mpaka ikawa myekundu. Nikafurahi sana. Nikajua, ameisikia! Harufu imemfikia hatimaye. Nilirudi kwa Mama nikitembea vizuri, kwa sababu hatimaye kulikuwa na mtu mwingine aliyenusa nilichonusa mimi.

Ilinichukua kukua, kuolewa, na siku moja kuishika tena picha ile mchana kweupe, ndipo nikaona. Kile kipande cha gwanda. Kijani, pale pembeni, hakikujificha hata kidogo. Mjomba alikuwa na mashati mawili maisha yake yote, hakuna la kijani, na Baba aliyajua yote mawili. Mtu mwenye macho aliona. Baba aliyaona masikio, na aliuona mkono, akachagua la kusema kabla Mama hajalazimika kuchagua. Hakumuuliza Mama siku ile, na najua hakumuuliza mpaka tuliporudishwa Baraka, mpaka nywele zao zikawa nyeupe, mpaka juzi.

Sasa picha hiyo iliwekwa mezani kwenye matanga, karibu na ya Baba mwenyewe. Niliporejea ndani, mbuzi ameshapakuliwa, Shangazi alikuwa ameishika. Amezeeka, anaisogeza karibu kabisa na jicho lake zima, na kidole chake kinapita juu ya ule mkono, kinaupapasa, huku anawaeleza wageni.

"Hii njo mukono ya shemeji yake. Balipendana sana, hawa." Akaniona. "Si njo yeye, Riziki?"

Mama alikuwa kwenye mkeka, katikati ya wajane wenzake. Hakuinua kichwa, lakini mkono wake uliacha kuchezea ncha ya kitenge.

"Njo yeye, Shangazi," nikasema. "Njo Mjomba."

Akaninyoshea picha niibusu, kama Baba alivyoibusu. Watu wote wananitazama. Nikaibusu, kwanza Yona, kisha pale. Nikairudisha mezani taratibu. Halafu nikatoka nyuma ya nyumba, nikachota maji kwenye ndoo, nikasukutua, nikatema, nikasukutua tena.